Sentimita ya Nne

Kuna watu wakikaa kwenye kiti, kiti ndicho kinachoomba kupumzika. Bi Meno alikuwa mmoja wao. Kazini kwake, kwenye chumba kidogo alikochonga meno bandia, alifanya kazi amesimama, mguu mmoja ukipiga sakafu, na wenzake walishachoka kumwambia, "Dada, si ukae basi!" Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa na adabu. Mikono ilijua kwamba jino likizidi nusu milimita, mwenyewe hatatafuna. Atashinda akinywa supu na kumlaani aliyemtengenezea. Kwa hiyo mikono ilitulia. Vingine vyote, kuanzia magoti hadi mawazo, vilikuwa safarini.

Na wiki hiyo ndiyo usiseme. Jumapili kulikuwa na mashindano kwenye barabara ya mlimani, yale ambayo kila gari hupanda peke yake huku saa ikihesabu, kona kumi na saba mpaka juu. Mwaka uliopita Bi Meno alikuwa ameshindwa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mtu akipiga chafya imeshapita. Aliyemshinda ni bwana mmoja mwenye maneno mengi kuliko mzigo wa lori, jina lake la barabarani Kona, na tangu siku ile hakuwahi kukutana naye bila kumkumbusha.

"Dada yangu, injini yako nzuri, dereva mzuri," Kona alikuwa akisema, "lakini gari lako linatembea limekunja suruali kama linavuka mto. Lishushe! Lishushe tu, utanishukuru."

Lililomuuma ni kwamba Kona alisema kweli. Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, la miaka mingi, pua ndefu, rangi ya kijani, na kwenye kona kali lililala upande mpaka Bi Meno akahisi tumbo lake linabaki nyuma. Likishushwa chini, uzito ungekaa karibu na lami, lisingelala, na ile nusu sekunde ingerudi kwa mwenyewe. Alikuwa ameshalala na hesabu hiyo mwaka mzima, na haikumpa usingizi.

Basi Jumatatu alasiri akalipeleka kwa Fundi Rula. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Walisema hata siku ya harusi yake alikuwa nayo. Kazi yake ilikuwa springi na shokapu, basi. Ukimletea injini anakufukuza. Bi Meno alikwenda na baba yake, maana baba yule hakuwa mtu wa kusimuliwa habari za gari lile. Alitaka kuziona mwenyewe.

Baba mtu alikuwa ameendesha mabasi ya safari ndefu miaka thelathini na mmoja, na abiria walimpa jina la Mzee Breki, kwa kuwa alipenda kufika kuliko kuwahi. Miaka miwili nyuma aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akatiwa vyuma. Tangu hapo, pale nyumbani walipoishi wawili tu, yeye na binti yake, kila kitu chake kilikuwa na mkono wa mtu. Soksi anavalishwa. Ngazi anashikwa. Kitandani anainuliwa. Palibaki mahali pamoja tu. Kila Jumamosi asubuhi binti yake alimtoa kwa gari lile, wakapanda mlima taratibu, wakashuka, na kwenye kuingia na kutoka Mzee Breki hakutaka msaada wa kiumbe yeyote. Alikuwa na utaratibu wake: mguu mzima nje kwanza, kisha ule wa vyuma, mkono mmoja kwenye kizingiti cha mlango, mwingine kwenye paa, halafu anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, juu! Anasimama. Ukimshika kiwiko anakung'ata kwa maneno.

"Naweza kulishusha sentimita nne," Fundi Rula alisema, amechuchumaa kwenye tairi la mbele. "Hizi springi zako zina uzi kama skrubu. Nikizungusha hii pete, gari linashuka. Nikirudisha, linapanda. Tano ni nyingi, litagonga. Nne ndizo zenyewe. Litakaa kwenye kona kama meza."

"Na matuta?" aliuliza Mzee Breki.

"Atayapanda polepole, mzee wangu."

"Na sampo ya oili, huko chini ya injini?"

"Haifiki chini."

"Springi ikikosa pa kupumua, tairi linaruka. Mimi nimeona basi likiruka."

"Kwa nne haliruki."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua itawanyeshea wote, mzee," fundi akacheka. "Hata Kona ataloa."

Bi Meno alikuwa ameshaizunguka gereji mara tatu. "Baba, wewe ulikuwa unaendesha ghorofa lenye magurudumu. Mambo ya gari la chini umeyajulia wapi?"

"Na ghorofa langu halikulala chali hata siku moja," akajibu mzee.

Sasa, Fundi Rula alikuwa na desturi yake. Hakupima gari tupu hata kwa kubembelezwa. "Gari tupu ni uongo," alipenda kusema. Aliweka mifuko ya mchanga kwenye viti, uzito sawa na wa watu watakaokaa, ndipo atoe rula na kuamua kila pembe ishuke kiasi gani. Kwa hiyo kila mteja alikutana na maswali mawili, na la kwanza lilikuwa limeshamgombanisha na nusu ya mji.

"Kilo ngapi?"

"Sitini," akasema Bi Meno.

Fundi akamtazama toka kichwani hadi viatuni, akaandika kwenye ubao: sitini na tano. "Watu wangapi?"

"Mmoja."

Lilitoka bila kupita kichwani. Mashindano ni dereva peke yake. Angesema nini kingine? Fundi akaandika mmoja. Mzee Breki akageuka, akasogea kwenye matairi yaliyopangwa ukutani, akaanza kuyasoma maandishi yake moja baada ya jingine kama mtu aliyepewa gazeti. Binti yake alimwona. Akadhani amechoka kusimama.

Gereji ilikuwa imejaa. Fundi akamwambia alete gari Ijumaa asubuhi, na kama atabadili mawazo kuhusu zile nne, aseme hiyohiyo Ijumaa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Bi Meno lilianza kuuma jioni ileile. Alikula amesimama. Alifungua jokofu, akalifunga, akalifungua tena, hakuna alichotaka. Alimwambia baba yake habari za kona ya tisa, ile inayojikunja ndani, akionyesha kwa kijiko, mchuzi ukiruka mezani.

"Utashusha?" mzee akauliza.

"Nifanyeje? Wewe una sababu gani ya maana, baba? Matuta? Mvua? Niambie moja tu ya maana, naacha."

Mzee Breki akafuta mchuzi kwa kidole. "Sina," akasema. "Shusha."

Mtu mwenye akili zilizotulia angelishangaa jibu hilo. Mzee yule kushindwa mabishano! Huyu aliyewahi kubishana na askari wa barabarani saa nzima mpaka askari akaomba maji! Lakini Bi Meno hakuwa na akili zilizotulia. Alisikia neno "shusha" tu, moyo ukamruka, akambusu baba yake kwenye upara na kwenda kuosha vyombo kwa kelele.

Jumanne aliporudi kazini alisikia msumeno ukilia uani. Alipofungua mlango wa nyuma, ukanyamaza. Baba yake alikuwa ameegemea ukuta, suruali imejaa unga wa mbao.

"Unakata nini?"

"Fimbo yangu. Ndefu."

Fimbo ilikuwa mkononi mwake, na urefu wake ulikuwa uleule. Jumatano msumeno ulilia tena. Alhamisi Bi Meno alitoka uani kufua koti lake la kazi, akajibwaga kwenye kigoda cha kufulia, na magoti yakampanda karibu na kidevu.

"Baba! Hiki kigoda kimezama?"

"Sakafu ndiyo imepanda," mzee akajibu kutoka ndani. "Nyumba za siku hizi."

Akacheka, akafua, akasahau. Kazini alikuwa amevunja meno mawili ya nta siku hiyo, yeye asiyevunja, na bosi wake alimwambia kwa upole aende nyumbani kabla hajamng'oa mtu jino la kweli. Kichwa chake chote kilikuwa mlimani.

Ijumaa gari likashushwa. Nne kamili, mfuko mmoja wa mchanga kwenye kiti cha dereva, kiti cha pili kitupu.

Na hapa lazima niseme haki, maana wapo watakaosema lilikuwa jambo la kipuuzi tangu mwanzo. Halikuwa. Bi Meno alitoka pale akaenda kulijaribu mlimani, na kwenye kona ya kwanza tu akapiga ukelele peke yake. Gari halikulala. Aligeuza usukani na gari likageuka, hapohapo, bila kuomba radhi kwanza. Kona ya tisa, iliyomtia jasho mwaka mzima, ilipita chini yake laini kabisa. Juu kileleni alisimamisha gari, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikaa bila kutikisa kitu. Alijisikia raha mpaka machozi yakamlenga. Nani angemlaumu?

Jumamosi asubuhi ikawa zamu ya baba.

Mzee Breki alitoka amevaa shati lake la kazi la zamani lenye mabega magumu. Alilitazama gari, akalizunguka, akapiga tairi teke dogo. "Limependeza," akasema. Kisha akageuza mgongo, akajishusha, na alipofika pale alipozoea kukutana na kiti, kiti hakikuwepo bado. Akaanguka kile kipande kilichobaki, puu. Akacheka sana. Akacheka kupita kiasi.

Walipanda mlima. Mzee alisifu kila kona. Walirudi, Bi Meno akaegesha mbele ya nyumba, akatoka na kufungua lango.

"Tangulia," baba yake akasema. "Nasikiliza taarifa ya habari."

Akatangulia. Akachemsha chai, akaimimina, ikapoa. Akachungulia dirishani, mzee bado amekaa. Akatoka.

"Baba, habari imeisha. Huo ni muziki."

"Muziki mzuri."

"Tangu lini unapenda huu?"

"Mtu habadiliki?"

Akarudi ndani. Akapanga vikombe. Akavipangua. Mguu ukaanza kupiga sakafu wenyewe. Akatoka tena na mara hii mzee alikuwa amefungua mlango, mguu mzima nje, mguu wa vyuma nje, jasho limemjaa usoni, mkono umeng'ang'ania paa. Alipomwona binti yake akauondoa upesi kama amekamatwa akiiba.

"Nashangaa tu hali ya hewa," akasema. "Nenda kaniletee maji. Na jua kali, niletee na kofia. Ile ya uani, kwenye kamba."

Sasa hapo ndipo mzee alipokosea, kwa kuwa kofia ilikuwa imetundikwa kwenye kamba juu ya kigoda, karibu na ukuta. Alitaka kumweka binti mbali kidogo, akampeleka palepale.

Bi Meno aliiona kofia. Kisha akakiona kigoda, na safari hii mikono yake, ile yenye adabu, ikakichukua na kukigeuza. Miguu minne, yote imekatwa, mbao mbichi chini. Imekatwa sawa, kwa utulivu, na mtu mwenye tepu ya kupimia. Ndani ya kopo la vibanio vya nguo palikuwa na vipande vidogo vya mbao, duara, unene sentimita moja kila kimoja. Akavihesabu. Kumi na sita. Miguu minne, mara nne.

Na ukutani, kwa penseli, kwa mwandiko uleule aliokuwa akijazia kitabu cha safari cha basi, Mzee Breki alikuwa ameandika:

*Sm 1: nimesimama. Sm 2: nimesimama. Sm 3: nimesimama, mara ya pili. Sm 4: hapana. Hapana. Hapana.*

Bi Meno akakaa chini sakafuni. Aliporudi baba yake kutoka hospitali, kigoda hiki ndicho alichojifunzia kusimama, kwa sababu kilikuwa kimo kimoja na kiti cha gari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekipima, miaka miwili iliyopita, kwa furaha. Sasa mzee alikuwa amekikata kidogo kidogo, kwa siri, kila siku sentimita yake, kuufuata mwili wa gari chini. Akakumbuka "mmoja" aliloliropoka kwa fundi. Akakumbuka yale matairi yaliyosomwa kama gazeti. Aibu ikampanda toka miguuni hadi masikioni, na baada ya aibu hasira, na hasira akaenda nayo mbele ya nyumba.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alikitazama kigoda alichokishika binti yake. Akazima redio.

"Mficha maradhi, si unajua mwisho wake," akasema kwa sauti ndogo.

"Usiniletee methali! Nimekuuliza mezani. Nilikwambia nipe sababu moja ya maana!"

"Na ningekupa hii, ungefanya nini? Ungeacha." Mzee alipangusa jasho. "Ungeacha, halafu kila kona ikikushinda ungekumbuka nyonga ya baba yako. Mwanangu, sitaki kuchukiwa kidogo kidogo. Nikasema, mimi si mti. Yeye akishuka nne, na mimi nitashuka nne. Tatu niliziweza. Ya nne ndiyo iliyonigomea, nikasema labda kwenye gari kuna mlango wa kushika." Akaupiga mlango kofi jepesi. "Mlango hausaidii."

"Umekaa humu saa nzima."

"Saa na robo."

"Ningekushika mkono, baba. Sekunde moja tu."

"Najua. Na ndicho nilichokuwa nakikimbia." Hapa tu ndipo ninaposimama mwenyewe. Nikishikwa na hapa, basi mimi ni mzigo wa kupakia na kupakua."

Bi Meno akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa jeki.

"Hiyo ya nini?" mzee akashtuka. "Ebo! Mtu hakai ndani ya gari lililo kwenye jeki! Nimewafukuza utingo wangapi kwa kosa hilo?"

"Hapa bosi ni nani?"

"Mimi."

"Basi toa ruhusa."

Mzee Breki akafikiri. "Matofali kwanza," akaamuru. "Mbele na nyuma ya tairi. Na handibreki nimekaza mimi."

Akaweka matofali. Akaiweka jeki nyuma kidogo ya mlango, akaanza kuzungusha. Gari likapanda upande wa mzee, pole pole, springi zikijinyoosha, tairi halijaacha hata ardhi. Bi Meno alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, jicho kwenye upenyo kati ya tairi na madigadi, akipima kama anavyopima jino.

"Miaka thelathini na mmoja kazini sijapandishwa cheo," mzee akasema akiwa juu. "Leo napandishwa na jeki."

"Tulia. Moja bado." Akazungusha. "Hapo. Nne."

Akaondoka, akasimama mbali, hakunyoosha mkono. Baba yake akashika kizingiti, akashika paa. Moja. Mbili. Tatu. Juu. Na akawa amesimama mbele ya nyumba yake, kofia mkononi, wote wawili wakilia na kucheka kwa wakati mmoja, hovyo kabisa.

Alasiri ileile Bi Meno alikuwa gerejini.

"Rudisha sentimita moja," akamwambia Fundi Rula.

"Moja? Jana ulinipigia simu kutoka kileleni ukiimba!"

"Rudisha."

"Nikirudisha, na mlima utakurudisha. Kesho hiyohiyo moja utaitafuta."

"Najua. Halafu ulipima vibaya. Niulize tena watu wangapi."

Fundi akamtazama, akachukua chaki. "Watu wangapi?"

"Wawili."

"Kesho unapanda na mtu?"

"Kesho napanda peke yangu. Gari ndilo la watu wawili."

Fundi akaburuta mfuko wa pili. "Wa pili kilo ngapi?"

"Themanini."

"Umempima wewe, au kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

"Basi themanini na nne," akaandika. "Ukoo mzima mnadanganya mizani."

Jumapili, chini ya mlima, watu walikuwa wengi, magari yamepangwa, kipaza sauti kinaita namba. Bi Meno aliegesha karibu na uzio. Mlango wa abiria ukafunguka, ukatoka mguu mzima, kisha mguu wa vyuma. Tatu hizi mzee aliziweza kwenye kigoda, uani, bila mtu. Hapa macho yalikuwa mengi.

"Moja, mbili, tatu, juu!" Akapanda nusu, akarudi kitini. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Kona alikuwa karibu, na tusimwonee, moyo hakuwa nao mbaya. Akaja mbio, mkono umenyooka. "Shika hapa, mzee!"

"Usimguse," akasema Bi Meno. Alisema taratibu, lakini Kona akasimama.

Kipaza sauti kikaita namba yake. Kikaita mara ya pili, na kuongeza kwamba asiyefika kwenye mstari ataondolewa. Bi Meno alikuwa amefunga mikono nyuma ya mgongo, na miguu yake, ile isiyojua kutulia tangu azaliwe, ilikuwa imetulia tuli. Baba yake alimtazama. Akameza mate. Akapangusa kiganja kwenye suruali, akashika paa upya.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Akasimama. Akaufunga mlango mwenyewe, kwa nguvu, na kuvuta mabega ya shati lake. "Unangoja nini?" akamfokea binti yake. "Hukusikia unaitwa?"

Alikimbilia mstarini akawahi. Alipanda vizuri kuliko mwaka jana, na kona ya tisa aliipita kwa adabu, lakini gari lililala kidogo, kidogo tu, na kidogo hicho kilitosha. Alikuwa wa pili tena. Sehemu tatu za kumi za sekunde.

Kona hakungoja hata vumbi litue. Alilizunguka gari la Bi Meno, akaingiza vidole juu ya tairi kama fundi, akatikisa kichwa.

"Sentimita moja, dada! Ungeshusha sentimita moja zaidi, leo ungenila. Umeiacha wapi?"

Bi Meno akavua kofia ya chuma, nywele zimelowa jasho. Akaelekeza kidole kwenye uzio, ambako Mzee Breki alikuwa akiwaeleza watu watatu jinsi ya kushika breki.

"Ile pale," akasema. "Imesimama, inakunywa soda."